Mlipuko wa ugonjwa ukifika kijijini, nani anaamua na nani analipa? Naomba ushauri

Kijiji Kwanza:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwenyekiti wa kijiji mkoani Kagera, nilichaguliwa Novemba 2024. Sijakizoea kiti, Januari 2025 Rais akatangaza Marburg, ile homa kali ya virusi inayoua, wilayani Biharamulo. Kwetu hakuugua mtu, lakini hofu ilifika, na watu walikuja kwangu mimi, si kwa waziri. Mgeni aliyetokea huko akae ndani au aendelee na shughuli zake? Akikaa ndani, nani anampelekea chakula na maji? Mnada ufungwe? Mtendaji wangu alipouliza huko juu aliambiwa tusubiri maelekezo. Tukasubiri, na kila siku najibu watu "subirini".

Naomba mnisaidie kujua mipaka. Wizara ya Afya inaishia wapi, TAMISEMI (wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) inaanzia wapi, mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri wanafanya nini, na sisi wa kijiji tuna mamlaka gani? Na nifanye nini sasa hivi kabla halijatokea jingine?

Mganga Mstaafu:

Mwenyekiti, umeuliza wakati mzuri.

Kutangaza mlipuko si kazi yako, na wala si ya mganga mkuu wa wilaya. Ni ya taifa. Hata hilo la Biharamulo, sampuli zilipimwa kwenye maabara tembezi ya Kabaile, zikathibitishwa Dar es Salaam, ndipo likatangazwa. Kwa hiyo hata ukiona damu na homa, wewe sema "ugonjwa ambao haujajulikana". Ukitaja jina na likawa silo, mara nyingine hawatakusikiliza.

Wizara inashika sera, miongozo, maabara, timu za dharura, na tangu 2017 hospitali za rufaa za mikoa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, maana yake TAMISEMI. Ndiyo maana muuguzi wa zahanati yako ana mabosi wawili wakati wa mlipuko: mwajiri wake ni halmashauri, mwongozo wa kazi unatoka wizarani. Anayewakalisha meza moja ni mkuu wa wilaya kupitia kamati ya maafa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitaka kamati hizo hadi kijijini. Ya kwako ipo? Kama ipo, ilikaa lini?

Kilicho chako hasa ni taarifa. Mwaka 2023 kule Bukoba Vijijini waliugua Marburg watu 9, wakafa 6, mtumishi wa afya akiwemo. Ugonjwa wa namna ile unashika wanaouguza na wanaoosha maiti. Vifo viwili vinavyofanana katika nyumba moja, usingoje cha tatu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aende zahanati siku hiyohiyo, zahanati impigie mganga mkuu wa wilaya. Mwananchi yeyote anaweza kupiga 199, ni bure. Hapo huhitaji kibali cha mtu.

Mama Zahanati:

Naongezea la fedha kwa sababu ndilo linaloumiza. Aliyemgusa mgonjwa wa Marburg anafuatiliwa siku 21. Hizo ni siku 21 bila shamba, bila kibarua, na migomba inaiva. Usipomlisha atatoroka usiku, na mimi simlaumu, ana watoto.

Timu ya wizara inakuja na magari, mavazi ya kinga na dawa. Chakula cha aliyefungiwa nyumbani sijawahi kuona kikifika mapema. Nasema hili kwa uchungu. Kwa hiyo liingie kwenye mpango kabla. Mpango kabambe wa afya wa halmashauri unaanzia kwenye mipango ya vituo, na kamati ya usimamizi wa zahanati ina wajumbe wa jamii. Tangu 2017/18 kuna fedha zinazoingia moja kwa moja akaunti ya kituo. Si nyingi, lakini ndoo, sabuni, klorini na vocha za simu zinaweza kupangwa humo. Mwaka wa fedha unaanza Julai, ukienda kuomba Juni umechelewa.

Mvita Halisi:

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iligawa kazi: serikali kuu ina sera na hospitali kuu za rufaa, kaunti zina hospitali zao, ambulensi na afya ya msingi. Ilipokuja Corona 2020, kafyu na kufunga Mombasa, Kilifi na Kwale viliamuliwa Nairobi, lakini wagonjwa walilala kwenye hospitali za kaunti, kwa gavana. Kila kaunti ikaambiwa iwe na vitanda 300 vya kuwatenga wagonjwa. Kaunti zingine hazikuwa na wauguzi wa kutosha kusimama kando ya hivyo vitanda. Kwa hivyo ndugu yangu, hata mamlaka yakiandikwa kwenye Katiba, uliza pesa na watu viko wapi. Sisi kilichotusaidia mtaani ni wazee wa mtaa na misikiti, walijua nani ana njaa.

Kijiji Kwanza:

Nawashukuru sana. Kamati ya maafa kwetu ipo kwenye karatasi tu, nasema kweli. Na je, mnada? Watu walinibana sana nifunge.

Karani wa Baraza:

Mnada usifunge peke yako. Mara nyingi ni chanzo cha mapato ya halmashauri, na ukifunga bila amri unaweza kuitwa kujieleza. Andika barua kwa mkurugenzi kupitia mtendaji wa kata, nakala kwa mkuu wa wilaya, ueleze ulichokiona. Ila kijiji kina nguvu ya sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Weka humo kunawa mikono mnadani, kutoa taarifa ya mgonjwa, na maziko yasimamiwe na wataalamu kifo kikiwa cha mashaka. Hilo la maziko lizungumze kwanza na mapadri, masheikh na wazee wa koo. Likianzia kwenye karatasi ya serikali litakataliwa.

Kijiji Kwanza:

Nimeelewa. Halmashauri ya kijiji inakaa wiki ijayo, naingiza ajenda mbili: kamati ya maafa, na akiba ya chakula kwa watakaozuiwa nyumbani. Mama Zahanati, hiyo akiba ikae wapi? Kwa mtendaji watu hawataamini.

Mama Zahanati:

Mahindi na maharage yakae ghala la chama cha msingi cha ushirika kama mnalo, funguo mbili, moja kwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati na nyingine kwa mwanamke anayeaminika kijijini. Kila kinachoingia na kutoka kiandikwe na kisomwe mkutano mkuu, kila baada ya miezi mitatu.