Nimemaliza Vuta N'kuvute, nimebaki na arosto. Nifuatie kitabu gani?

Karani wa Ghala (Newala):
Habari za jioni wakuu. Mimi ni karani kwenye ghala la korosho huku Newala. Msimu ukipita tunabaki kulinda magunia matupu na kupiga soga. Juzi dereva wa lori akasahau hapa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Riwaya nilizisomea mtihani tu, basi. Nikafungua nipoteze muda, kufika pale Yasmin anapomtoroka Raza, mume mtu mzima aliyeozeshwa, usingizi ukakata. Mke wangu anauliza, "Baba Zuhura, unacheka na nani?" Sasa kitabu kimeisha, mwenyewe kaja kukichukua, na simu haininogei tena. Nisome nini? Na huku tunavipata wapi? Madukani kwetu ni madaftari na vitabu vya kiada.

Mwalimu Mstaafu (Mikindani):
Mdogo wangu, usihame haraka. Ukishampenda mwandishi, mmalize kwanza. Huyohuyo Shafi ana Kuli (1979), ya Rashidi na wenzake wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948. Humo hakuna mapenzi ya kubembelezana, ni mizigo na njaa, lakini ndimo ninapomwona Shafi mwenyewe. Ukitoka hapo nenda kwa Gurnah: Peponi. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, na Ida Hadjivayanis akatuletea kwa Kiswahili 2022. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake. Isome taratibu.

Mzuka wa Chikongola:
Mwalimu naye! Mtu ana arosto unampa mshindi wa Nobel? Mpe Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, Muhammed Said Abdulla, 1960. Maiti, kiko na maswali. Atakesha.

Mama Mkwaju (Lindi):
Mnazunguka Unguja tu, vya kwetu mnavipita. Abdul Karim bin Jamaliddini alikuwa mtu wa hapahapa Lindi, na ndiye aliyetunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji. Ule usisome kimoyomoyo. Mimi humsomea babu yetu, macho yameshamchoka. Nikitaja mahali anapopajua ananikatiza, anaanza kunitajia nani alizaliwa pale na nani kazikwa pale. Beti chache tu, magharibi imeingia. Ndiyo raha yake.

Konda Mstaarabu:
Peponi imechapwa na Mkuki na Nyota, Dar. Mwenye ndugu kule anunue, afunge, aweke kwenye basi. Dai risiti ya mzigo! Ukitaka bure, ulizia maktaba ya mkoa Mtwara.

Karani wa Ghala:
Shukrani wakuu. Wiki ijayo nashuka Mtwara na makaratasi ya ghala, nitapita maktaba. Naanza na Bwana Msa. Mwalimu, uniwie radhi.

Mwalimu Mstaafu:
Sina kinyongo. Kuli ninayo, sogea hadi Mikindani nikuazime. Ila ukinikunjia kona za kurasa hupati kingine.