Naombeni ushauri, antibodi ya mitofusini 2 inanipa mistari miwili

Wakuu habari za leo, niko Dar nasoma masta, napima mitofusini 2, ile protini ya utando wa nje inayounganisha mitokondria, sasa bloti (kile kipimo kinachotenganisha protini kwa uzito, kisha antibodi inaishika ile unayoitafuta ionekane kama mstari) zinanitesa wiki ya tatu hii. Mstari wake unatakiwa ukae kwenye kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 86 hivi, naupata ila umefifia kama chai iliyozidishwa maji, halafu chini kwenye 60 kuna mwingine mweusi tii.

Antibodi ni ya sungura, ilikwama uwanja wa ndege siku nne ikisubiri makaratasi, nimefungua boksi barafu yote imeshakuwa maji na joto la huku mnalijua. Sijui ndo imekufa au mimi ndo nimechemka, maana hata siku nasaga seli umeme ulikatika nikakimbilia barafu kwa mama muuza samaki, labda protini ilishakatika vipande.

Nimebloki na maziwa ya unga asilimia 5 ili antibodi isishike ovyo, nimepunguza antibodi toka 1 kwa 1000 mpaka 1 kwa 2000, huo wa 60 haubanduki. Supavaiza anasema agiza nyingine, hela iko wapi?

Kuna mwenye seli zilizotolewa jeni ya MFN2 (ile inayotengeneza mitofusini 2) anigawie sampuli kidogo, nijue mstari upi ndo wenyewe?