Jua linasamehewa kodi, fundi wa jua anabebeshwa. Sisi wa mikoani tunasaidiwa kitu gani hasa?

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na zile za kukatika umeme, mada ni nyingine.

Mimi ni fundi chuma, niko Singida mjini. Nina karakana na vijana wanne. Tunatengeneza fremu za kufungia paneli za sola, minara ya matenki na vizimba vya betri. Nilianza na mashine moja ya kuchomelea na grenda ya kuazima. Wakati wa ile kampeni ya viwanda 100 kila mkoa walikuja watu na daftari, wakaniandika, nikapigwa picha nimeshika kipande cha bomba. Mnakumbuka tulivyoambiwa hata vyerehani vinne ni kiwanda? Basi mimi ndiye cherehani cha tano. Tangu siku ile hakuna aliyerudi kuniuliza nimefikia wapi. Wanaorudi ni wa leseni, wa zimamoto na wa taka.

Sasa sikilizeni hesabu, maana kinachoniudhi ni hesabu.

Paneli inaingia nchini bila ushuru wa forodha. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano, inasamehe vifaa maalumu vya umeme wa jua na upepo, pamoja na vinavyoambatana navyo, na betri za kuhifadhia huo umeme. Hapo sina ugomvi kabisa. Bibi wa Ikungi anayetaka taa tatu na redio kwa nini atozwe? Ugomvi wangu uko kwenye hayo maneno "vinavyoambatana navyo". Fremu iliyokunjwa tayari huko China, ikapakiwa kontena moja na paneli zake, ina mlango wa kupitia. Mimi ninayetaka kuikunja hapa hapa Singida nanunua skwea paipu, yaani bomba la chuma la pembe nne, yenye VAT asilimia 18 ndani yake. Skwea paipu ni skwea paipu, iwe itabeba sola ya zahanati au geti la gesti.

Najua kuna mdau atakuja kuniambia "jisajili VAT, udai urejeshewe". Mkuu, kiwango cha kusajiliwa tangu 2023 ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Siyafikii hata nikiota. Kwa hiyo sidai chochote, ile 18 inalala ndani ya bei yangu moja kwa moja. Ongeza na nauli, maana chuma kinatoka Dar, karibu kilomita 700 mpaka hapa. Mwisho wa siku fremu yangu inakuwa ghali kuliko iliyovuka bahari, na mteja ananitazama usoni ananiambia, "Fundi, punguza tamaa."

Bado umeme wa LUKU. Sisi wa karakana yuniti ni shilingi 292, juu yake VAT, asilimia 1 ya EWURA (wadhibiti wa nishati na maji), asilimia 3 ya nishati vijijini. Hiyo 3 ndiyo inanichekesha kwa uchungu. Kila nikinunua umeme nachangia kuwapelekea wenzangu wa vijijini nishati, tena kwa moyo mmoja. Ila kazi ya kutengeneza chochote kinachokwenda huko vijijini siipati.

Niwape kisa. Kuna taasisi ya umma, siitaji, ilitangaza kazi ya pampu za maji za sola kwenye visima. Nikasema hii ndiyo yangu. Nikafungua masharti: hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, ushahidi wa mkataba kama huo uliowahi kutekelezwa, na barua ya idhini ya mtengenezaji wa paneli. Mtengenezaji wa paneli yuko China, ananijulia wapi mimi wa Singida? Sheria mpya ya manunuzi ya 2023 inazungumzia upendeleo kwa wazawa, na kuna ile asilimia 30 ya makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee, wenye ulemavu. Mimi nina miaka 44. Ujana umeniacha, uzee haujanipokea. Nimebaki mwanaume wa kawaida mwenye grenda.

Kazi akapata mkandarasi wa Dar. Wiki ya tatu huyo hapo karakanani kwangu na gari la kukodi, anataka fremu 36, haraka, kwa bei ya kutupa. Nikakubali, vijana walikuwa hawajalipwa. Chuma nikakopa dukani. Nikalipwa nusu. Nusu iliyobaki nimeisubiri miezi 11, kila nikipiga simu ni "serikali haijanilipa, bro". Mwenye duka la chuma alinifuata mpaka msibani, nimekaa kwenye mkeka na waombolezaji, ananiita pembeni. Siku nimepita kwenye kisima kimojawapo nikakuta fremu zangu zimesimama imara, hazijayumba hata inchi moja, zimebandikwa stika ya kampuni ya mkandarasi.

Na msiniambie serikali haiwezi kulazimisha watu wanunue vya ndani. Kwenye nguzo iliweza! Kalemani akiwa Waziri wa Nishati alipiga marufuku wakandarasi wa umeme vijijini kuagiza nguzo na transfoma nje. Walilia sana wale jamaa: ubora, uchache, ucheleweshaji. Leo nguzo zinatoka Mafinga na Njombe, watu wamepanda miti mpaka mlimani kwa sababu soko lipo. Hawakupelekwa semina wala hawakupewa fulana. Waliambiwa tu wakandarasi mnunue hapa, basi. Fremu ya sola ina uchawi gani kuliko transfoma? Ni chuma, kipimo na rangi ya kuzuia kutu.

Halafu mkoa wenyewe ni huu! Upepo wa Singida umeandikwa kwenye mipango zaidi ya miaka kumi. Nyaya za kilovolti 400 zinapita kwetu, moja inaelekea Shinyanga, nyingine Arusha mpaka Namanga. Mufindi wana mitambo mitatu tu ya upepo, megawati 2.4, lakini inazunguka. Sisi upepo wetu unaezua mabati. Hapo jirani Kishapu, Shinyanga, kuna mradi wa sola ya megawati 150, awamu ya kwanza 50. Mwenye kujua karakana ya Shinyanga iliyopata humo japo kazi ya kuchomelea uzio aniambie, nitafurahi kweli. (Chuma cha Liganga sikigusi. Mkataba wa kukichimba ni wa 2011, presha yangu haitaki.)

Ninachotaka si mkopo. Mikopo ninayo ya kutosha, muulizeni mwenye duka. Nataka chuma kinachoingia kwenye sola kisamehewe kama sola yenyewe, na mradi wa umma unaofungwa Singida ununue vyuma vilivyochomelewa Singida au mkoa wa jirani, hela ilipwe kwa karakana bila kupitia mfuko wa mtu. Kama kuna mtu humu amewahi kushinda kitu NeST, ule mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni, bila ile barua ya mtengenezaji, aje atufundishe amepitaje. Siombi konekisheni, naomba njia.

Wale wa "changamkia fursa" leo pumzikeni.

Na ile mashine yangu ya kukunjia chuma nimeamua kuiuza nimalize deni la dukani. Inafanya kazi vizuri, imetumika miaka miwili. Aliye serious aje PM, bei tutaongea, usafiri juu yako.