Naomba ushauri: mimba kuharibika mara kwa mara na kingamwili

Habari zenu wapendwa. Mimba zangu tatu zimeharibika, zote kabla ya wiki ya 12. Mfuko wa uzazi, homoni na sukari vimepimwa, vyote viko sawa. Daktari mpya ndiye aliyeshtushwa na maumivu ya viungo ninayoamka nayo asubuhi (mimi nilidhani ni uchovu tu), akanipima kingamwili za antifosfolipidi (chembe za kinga zinazoushambulia mwili wenyewe). Zimeonekana. Anasema huchangia damu kuganda na hudhuru kondo la nyuma, ila maambukizi ya kawaida pia huweza kuzipandisha kwa muda, kwa hiyo lazima kipimo kirudiwe baada ya wiki 12. Zikionekana tena, mimba ijayo nitatumia aspirini ya dozi ndogo na sindano za heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda). Lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, pamoja na viungo) bado anaichunguza.

Naomba kuuliza waliopitia tiba hii: sindano mlianzishiwa mara tu mimba ilipothibitishwa, au baada ya mapigo ya moyo kuonekana? Na je, nimwone pia daktari wa baridi yabisi kabla ya kushika mimba, au wa uzazi anatosha? Mitishamba msinitajie, tafadhali.