Mshtuko kwenye manga: macho meupe, mistari usoni au taya kudondoka?

KalamuNyeusi
Wakuu, kwema? Nachora hadithi fupi kwa mtindo wa manga (katuni za Kijapani), wino mtupu bila rangi. Binti anafungua barua na kukuta aliyemchongea kazini ni dada yake wa damu. Nitumie alama gani ya mshtuko? Nataka msomaji aumie naye.

Bi_Manga
Macho meupe, bila kusita. Fungua manga ya Glass Mask ya Suzue Miuchi, iliyoanza 1976. Maya, mhusika mkuu, au mpinzani wake Ayumi akipigwa na jambo, mboni zinafutwa kabisa, zinabaki kope na weupe mtupu. Nywele na midomo haviguswi, sura inabaki nzuri vilevile, na hapo ndipo maumivu yanapoingia. Mtu yupo mbele yako lakini haoni tena.

Msomaji wa Usiku
Mimi napenda mistari ya wima usoni. Inaonyesha damu imekimbia, na kwenye anime (katuni za Kijapani za video) kipaji cha uso hugeuka samawati. Maruko, yule mtoto wa katuni ya Chibi Maruko-chan, anayo kila mara.

Bi_Manga
@Msomaji wa Usiku, Maruko anachekesha, mkuu. Mistari ile imezoeleka kwa aibu na kukatishwa tamaa kwa mambo madogo. Dada kukuchongea si jambo dogo.

Jiwe la Pwani
Na taya je? Uso wa Enel, adui mwenye nguvu za radi kwenye manga ya One Piece, sijaona mfano wake: macho yametoka, ulimi nje, taya limefika kifuani. Ila unafanya kazi kwa sababu Enel alijiita mungu na alikuwa ametulia muda wote, mpaka radi yake iliposhindwa kumdhuru Luffy, shujaa wa hadithi, ambaye mwili wake ni mpira. Kiburi kinavunjika mbele ya macho yako. Binti wako hana kiburi cha kuvunja, kwa hiyo achana nalo.

Fremu24
Kwenye anime kuna njia ya mwongozaji Osamu Dezaki: tendo lilelile linarudiwa mara 3 mfululizo, kisha picha inaganda na kuwa kama mchoro wa rangi. Kwenye karatasi unaweza kuiga kwa visanduku 3 vya uso uleule, kila kimoja kikisogea karibu zaidi.

KalamuNyeusi
Visanduku 3, cha mwisho macho meupe. Nimelipenda hilo. Nyuma yake niweke nini?

Bi_Manga
Mmweko mweupe ndani ya weusi. Usimwage wino kwanza. Weka alama ya kitovu (nukta ya katikati) nyuma ya kichwa, chukua rula, vuta mistari kutoka ukingoni kuelekea kitovu na uinue kalamu kabla hujamfikia, ili ncha ziwe nyembamba. Ibananishe ukingoni mpaka weusi ukamilike. Urefu wa mistari usilingane, ikilingana mmweko unapoa. Na tone la jasho usiweke, litaleta kicheko.