MREJESHO: Darubini ya bei nafuu kwa .22 ya masafa marefu

Wakuu, niliuliza ninunue darubini gani ya bei nafuu kwa bunduki ya .22 LR (ile ya risasi ndogo), nilenge hadi mita 200. Mrejesho ndio huu.

Nimeachana na ile ya ukuzaji mara 24, nikachukua ya 4 hadi 16. Aliyeniambia nitazame kwanza nafasi ya kupandisha, yaani kirekebishi cha darubini kinaweza kuinua mlengo kiasi gani, abarikiwe. Ukiisawazisha darubini ipige palepale inapolenga kwa mita 50, risasi hii ya mwendo wa taratibu ikifika 200 imeshashuka karibu mita 2, yaani kama miliradiani 10 (kipimo cha pembe; moja ni sehemu moja ya elfu ya umbali), na darubini nyingi za bei rahisi zinaishiwa hapo. Nimeifunga juu ya reli yenye mwinamo wa dakika 20 za pembe, sasa inatosha na chenji inabaki.

Kabla ya kuiamini nilisimamisha karatasi ndefu mita 50, nikapandisha miliradiani 10. Matundu yalipaswa kupanda sentimita 50. Rula ikasoma 49. Nikarudisha kirekebishi kwenye sifuri, risasi ikaingia palepale. Kwa bei hii, sina neno.

Paralaksi (ile hali ya alama ya kulengea kuonekana inahama juu ya shabaha) inarekebishika hadi karibu mita 10, alama haiogelei ukisogeza jicho. Kioo? Jioni kinafifia mapema, lakini shabaha za karatasi hazikimbii.