Maranda na vibanzi vya mbao bustanini, jirani anasema vina sumu

Bustani_Sahare:
Wakuu habari za saa hizi. Niko Tanga mjini upande wa Sahare, udongo wangu mchanga mtupu, ukimwagia asubuhi saa sita ushakauka. Nina matuta ya mchicha na bamia na miche ya mipapai. Urea nataka niachane nayo, bei inaumiza halafu kwa mchanga huu ikinyesha mvua moja kubwa ndo ushaiaga. Kuna karakana hapa karibu wananipa maranda na vibanzi bure, nilitaka nitandaze. Sasa jirani yangu kafukia vumbi la mbao kwenye tuta lake mchicha wote umekuwa njano, anasema mbao ina sumu. Ni kweli?

Mzee wa Pongwe:
Sumu wapi, kilichomponza ni kule KUFUKIA. Mbao ina kaboni nyingi mno na naitrojeni kiduchu, kwenye vumbi la msumeno kaboni inaweza kuizidi naitrojeni hata mara 400, sasa vile vijidudu vinavyoozesha mbao navyo vinataka naitrojeni vile, vikiikosa humo vinaikomba kwenye udongo, mchicha unalala njaa. Ukiyaacha juu ugomvi unaishia pale yanapogusana na udongo tu, mizizi huko chini haina habari.

Lowesha tuta kwanza, tandaza samadi iliyoiva au mbolea ya kuku ya zamani, vibanzi ndo vije juu unene wa vidole vinne. Mchicha usubiri uote ufike kimo cha shubiri, mbegu zile ndogo hazipenyi hapo. Huyo jirani mwambie aloweke samadi kwenye ndoo siku kadhaa, achuje, azimue na maji amwagie chini kwenye shina, utarudi kijani.

mama_miche:
Babu shikamoo, umesema vizuri ila mchwa umewasahau 😂 Huku Muheza ukiweka mbao kavu kiangazi wanakuja na ukoo mzima. Wengi wanakula kilichokufa lakini mche wa mpapai ukiwa na kiu wanaugeukia. Acha nafasi ya shubiri kuzunguka shina na usiache pakauke kabisa.

Mwenyewe napenda zaidi majani ya gliricidia, ule mti wa jamii ya kunde, unakata matawi unatandaza, yanaoza upesi na naitrojeni imo humo humo. Kwa mchicha hayo, vibanzi peleka kwenye mipapai inayokaa muda mrefu.

kumbi_tupu:
Kwani Tanga makumbi ya nazi yameisha?? Katakata vipande utandaze, yanashika maji vizuri tu. Ila usichukue yale yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya usumba (zile nyuzi za kusokotea kamba), utaingiza chumvi shambani.

Bustani_Sahare:
Asanteni sana. Nimeuliza pale karakana, wanapasua miembe, mitiki na zile mbao za kenchi zina rangi ya kijani, vyote vinaangukia lundo moja.

Mzee wa Pongwe:
Marahaba mama. Hapo sasa Sahare simama. Za kijani zile ni mbao za dawa, kuna dawa zake zina shaba na nyingine hadi arseniki, hiyo kwenye mboga hapana, na bandani kwa kuku pia hapana. Waombe wakukingie gunia siku wanayopasua mwembe peke yake, wakikataa nenda kwenye makumbi.

mama_miche:
Na ukienda mpe fundi hela ya soda, gunia utakuta limefungwa kabisa.